Pakiti ya Mzaha na Pakiti ya Kweli

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ilagala



Ilagala haina upungufu wa vyakula vya asili. Mto Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika karibu na hapa, na katika ardhi ya bonde lake michikichi na mihogo husimama pamoja. Ziwani hutoka dagaa na migebuka. Katika mto huo huo, huko juu Uvinza, chumvi imepikwa kutokana na maji ya chemchemi kwa muda unaokaribia miaka 1,500, kama wachunguzi wa mambo ya kale walivyoonyesha. Mtu aliyezaliwa katika mwambao huu hahitaji kufundishwa utamu wa mgebuka uliopikwa kwa mawese, wala wa sombe.

Kinachopungua ni kitu kingine, nacho ni jina. Mawese huondoka katika dumu la lita 20, dagaa katika gunia, muhogo mkavu katika kiroba. Na mzigo ukishafika Kigoma mjini, au ukielekea Tabora na Dar es Salaam, hakuna awezaye kusema kuwa umetoka katika chama gani. Faida ya jina huchukuliwa na yule atakayeutia mzigo huo katika pakiti yake. Kwa hiyo si ajabu chama cha msingi kikitamani kutengeneza kitafunio chake chenyewe, kukifunga chenyewe, na kukiuza kwa jina lake chenyewe. Tamaa hiyo ni njema. Lakini ina mtego ndani yake, na mazungumzo haya yanahusu njia moja nyepesi ya kuutambua mtego huo mapema: kabla ya kuchora pakiti ya kweli, wanachama na wachore kwanza pakiti ya mzaha.

Utani ni chombo cha kazi

Pengine mwanachama atauliza: Je, chama cha ushirika kina nafasi ya mizaha? Jibu limo katika desturi za nchi hii. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, Wanyamwezi na Wazaramo walijenga utani ambao umedumu hata baada ya misafara yenyewe kwisha. Mtani huruhusiwa kusema msibani neno ambalo ndugu wa marehemu hawathubutu kulitamka. Hasemi kwa chuki, wala aliyeambiwa hana haki ya kukasirika. Hivyo utani hufanya kazi ambayo hotuba na karipio haziwezi kuifanya: humwonyesha mtu kosa lake huku akicheka.

Pakiti ya mzaha ni utani wa chama kwa nafsi yake. Wanachama hukaa pamoja, wakabuni kitafunio kisichokuwapo duniani, wakakitungia kila sifa ya uongo wanayoweza kuifikiria. Wakimaliza kucheka, hukigeukia kile walichokiandika na kuuliza: Katika haya, ni mangapi ambayo chama kilikuwa karibu kuyaandika kwa dhati?

Kitafunio kisichokuwapo

Chukueni mfano huu. Kitafunio kimeundwa kwa vitu vinne vya mahali hapa: muhogo uliokatwa vipande vyembamba, mawese ya kukaangia, unga wa dagaa, na chumvi. Jina lake ni "Tafuna Upone". Pakiti ni ya rangi ya dhahabu. Mbele amechorwa mzee mwenye misuli ya kijana, akivuta mtumbwi kwa meno. Juu ya kichwa chake yameandikwa maneno haya:

"TAFUNA UPONE! Siri ya mababu sasa katika pakiti. Asilia kabisa, kwa hiyo salama kabisa. Haina kolesteroli. Imejaa vitamini A. Hutibu magonjwa 40, na la 41 linafanyiwa utafiti. Dagaa wabichi kutoka ziwani kila siku ya mwaka. Wataalamu wote wamekubali, isipokuwa wale walioulizwa."

Nyuma ya pakiti, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma, yamo haya:

"Viungo: hewa, muhogo, mawese, hewa tena, chumvi, dagaa mmoja wa kuonekana dirishani. Uzito: inategemea aliyebeba. Mwisho wa matumizi: siku utakapogundua. Mtengenezaji: hayupo, ametoka kidogo. Tahadhari: ukipona, sema ni sisi, usipopona, hukutafuna vizuri."

Wanachama watacheka. Na wacheke. Kisha katibu achukue karatasi, aigawe katika safu tatu, na kila neno la pakiti lipimwe moja moja: neno lenyewe, ushahidi wake, na hukumu yake.

Kila neno lipimwe

Neno la kwanza ni "Haina kolesteroli". Neno hili ni kweli, na hapo ndipo hila ilipo. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli, yawe ya mawese, ya alizeti au ya karanga. Kulisifu dumu la mawese kwa jambo hilo ni sawa na kumsifu ng'ombe kwamba haibi kuku. Aliyeandika hakudanganya, lakini ametaka msomaji adhani kwamba mafuta haya yanaweza kuliwa bila kipimo. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya mafuta yaliyomo katika mawese ni ya ile aina inayoganda kwenye baridi, ambayo wataalamu wa lishe hushauri iliwe kwa kiasi kwa ajili ya afya ya moyo. Hukumu: lifutwe.

Neno la pili ni "Imejaa vitamini A". Hapa pana msingi mzuri. Rangi nyekundu ya mawese hutokana na vitu viitwavyo karotini, ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Na upungufu wa vitamini hiyo huharibu macho ya watoto, kuanzia kutoona vizuri jioni. Lakini mawese yakichemshwa kwa moto mkali hadi yakapauka, karotini zimekwisha kuteketea pamoja na rangi. Basi chama kinachokaangia mafuta yale yale mara nyingi hadi yakawa meusi hakina haki ya kuandika neno vitamini. Hukumu: lirekebishwe, na lisiandikwe hadi kitafunio chenyewe kilichokwisha kukaangwa kimepimwa katika maabara.

Neno la tatu ni "Asilia kabisa, kwa hiyo salama kabisa". Katika maneno yote ya pakiti hii, hili ndilo la hatari kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalopendwa zaidi. Muhogo mchungu ni wa asili, na sumu ya sianidi iliyomo ndani yake ni ya asili pia. Wazee walilijua jambo hilo, na ndiyo sababu muhogo mchungu humenywa, huloweshwa kwa siku kadhaa na kuanikwa juani kabla haujatwangwa. Mtu anayekula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usioandaliwa vyema, ilhali chakula chake kina upungufu wa protini, anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula na usiopona. Ugonjwa huo ulielezwa na madaktari huko Kongo mwaka 1938, na mwaka 1985 ulizuka katika wilaya ya Tarime hapa nchini wakati wa ukame. Viwango vya kimataifa huruhusu sianidi isiyozidi miligramu 10 katika kila kilo ya unga wa muhogo.

Asili ya mababu, kwa hiyo, haikuwa muhogo peke yake. Ilikuwa muhogo pamoja na kazi ya kuundoa sumu. Chama kitakachoukata muhogo mchungu mbichi na kuukaanga siku ile ile, ili kupunguza gharama, kisha kikaandika "mapishi ya mababu", kitakuwa kimechukua jina la mababu na kuiacha hekima yao shambani. Kukaanga peke yake hakutoshi kuondoa sumu hiyo. Hukumu: lifutwe, na mahali pake chama kieleze aina ya muhogo kilioutumia na jinsi kilivyouandaa.

Neno la nne ni "Hutibu magonjwa 40". Chakula si dawa. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya mwaka 1963, ilitoa mwongozo mwaka 1979 unaokataza kudai kwamba chakula kinakinga au kinatibu ugonjwa, isipokuwa kwa masharti maalumu. Lakini hata pasingekuwa na mwongozo wowote, mwanachama ajiulize jambo moja: mama wa kijiji cha jirani, mwenye mtoto mgonjwa, akisoma neno "hutibu" na akaamua kununua pakiti badala ya kwenda zahanati, ni nani atakayejibu? Hukumu: lifutwe bila mjadala.

Neno la tano ni "Dagaa wabichi kila siku ya mwaka". Wavuvi waliomo katika vyama wanajua kwamba hata usiku wa mbalamwezi hupunguza mavuno ya taa. Zaidi ya hayo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Pakiti inayoahidi dagaa wabichi kila siku inaahidi jambo ambalo ziwa lenyewe haliwezi kulitimiza. Kadhalika, dagaa walioanikwa mchangani hubeba mchanga, na waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi zaidi. Tofauti hiyo mlaji huitambua kwa meno, si kwa kusoma. Hukumu: lirekebishwe, liandikwe "dagaa wakavu", na chama kihakikishe kwamba wamekaushwa juu ya vichanja.

Neno la sita ni uzito. Hapa utani unauma zaidi. Kwa miaka mingi wakulima wa nchi hii wamelalamika juu ya lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba juu, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini chama kilekile kinacholia juu ya lumbesa kikijaza pakiti nusu kwa hewa na kuifunga ionekane imetuna, kimemtendea mlaji dhuluma ile ile kwa upande wa pili. Kumwongezea mkulima mzigo na kumpunguzia mlaji chakula ni wizi wa namna moja. Hukumu: uzito halisi uandikwe kwa gramu, na mizani ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwe.

Mwisho ni mistari myeusi na alama za ubora. Wako wanaodhani kwamba mistari inayoanzia na namba 620 ni uthibitisho wa ubora. Sivyo. Namba hizo huonyesha kwamba bidhaa imesajiliwa Tanzania ili itambulikane na mashine za dukani; hazisemi lolote juu ya kilichomo ndani. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania ni jambo jingine. Hiyo hutolewa baada ya bidhaa na mahali pa kutengenezea kukaguliwa, na kuichapa bila leseni ni kosa la jinai. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula pia, kwa hiyo katibu ajue kwamba mlango wa kubisha ni huo.

Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Yawezekana mwanachama akasema: "Pakiti yenye majigambo hununuliwa, na pakiti ya kweli hubaki rafuni." Hoja hiyo isidharauliwe. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini walisema hivyo katika soko ambamo mnunuzi alikishika kitu, akakinusa na kukionja. Pakiti imemnyima mnunuzi pua na ulimi, imemwachia macho tu. Ndani ya pakiti hata kizuri hakijiuzi, na mnunuzi wa kwanza anaweza kweli kuipita pakiti ya kweli akaichukua ile ya majigambo.

Hata hivyo historia ya ushirika inatoa jibu. Mwaka 1844 wafanyakazi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka dogo ambalo limekuwa mfano kwa vyama vya ushirika ulimwenguni. Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa chache: unga, siagi, sukari, unga wa shayiri. Katika Uingereza ya siku zile wachuuzi walichanganya shabu katika mikate na kuongeza vitu vingine vingi katika vyakula ili vionekane vyeupe au vizito. Watu wa Rochdale waliahidi bidhaa zisizochanganywa na kipimo kilichotimia. Hawakuwa na pakiti ya dhahabu. Walikuwa na jina, na jina hilo lilikua kwa sababu mnunuzi aliyerudi nyumbani alikikuta kile alichoahidiwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Ilagala, kwa kuwa unahusu mawese yenyewe. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilitangaza kwamba mawese yaliyokuwa yakiuzwa masokoni yamekutwa na rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV, isiyoruhusiwa katika chakula. Wachuuzi waliitia ili mafuta yawe mekundu zaidi, kwa kuwa mnunuzi alipenda wekundu. Na mnunuzi aliyesikia tangazo kama lile afanyeje mbele ya meza ya mama muuza mawese safi? Hawezi kumtofautisha na mwingine. Uongo wa wachache humwangukia kila mwenye zao hilo.

Hivyo ndivyo ilivyo pia ndani ya chama. Mawese ya wanachama wengi huingia katika pipa moja. Dumu moja lililoongezwa maji au rangi huharibu pipa zima, na pipa hilo limebandikwa jina la wote. Mchuuzi binafsi akigunduliwa anaweza kuhamia soko jingine na kubadili jina la bidhaa yake. Chama hakihami. Mashamba yake, mitumbwi yake na daftari lake la wanachama viko pale pale, na msimu ujao kitamkabili mnunuzi yule yule.

Namna ya kuifanya kazi hii

Zoezi hili halihitaji fedha. Chama kiitishe kikao cha saa mbili. Waitwe akina mama wakaangaji, wavuvi, wakamuaji wa mawese, na kijana mmoja au wawili wenye mkono wa kuchora. Bahasha ya kaki na kalamu za rangi zinatosha. Saa ya kwanza iwe ya kuchora pakiti ya mzaha. Saa ya pili iwe ya safu tatu na hukumu.

Masharti ni manne. Kwanza, isidhihakiwe bidhaa ya kampuni au mtu yeyote aliyepo. Kitafunio kiwe cha kubuni. Pili, usichekwe ugonjwa wala mgonjwa, bali yule anayeuza matumaini ya uongo. Tatu, pakiti ya mzaha iandikwe kwa herufi kubwa "MZAHA, SI BIDHAA", na isitoke nje ya ofisi ya chama, maana duniani hakuna uongo usiopata wa kuuamini. Nne, safu zile tatu zihifadhiwe katika jalada, kwani zitakuwa mwanzo wa maombi ya chama kwa Shirika la Viwango na kwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Baada ya hukumu, yale yaliyosalia yaandikwe upya. Kwa kitafunio kile cha mfano, pakiti ya kweli ingesomeka hivi:

"Vibanzi vya Muhogo na Dagaa, kutoka Ilagala. Viungo: muhogo mtamu, mawese, dagaa wakavu, chumvi yenye madini joto. Kina samaki. Uzito halisi: gramu 100. Kimetengenezwa tarehe hii. Kitumike kabla ya tarehe hii. Kihifadhiwe mahali pakavu pasipo jua. Kimetengenezwa na chama hiki, anwani hii, fungu namba hii."

Viungo vimepangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo, kama kiwango cha kimataifa cha lebo cha mwaka 1985 kinavyoagiza. Neno "kina samaki" limewekwa kwa ajili ya mtu ambaye samaki humdhuru. Namba ya fungu ipo ili kosa likitokea, chama kijue ni mzigo wa siku gani wa kurudisha, kisilazimike kuutupa wote.

Ndugu wanachama, pakiti hii ya pili haina mzee anayevuta mtumbwi kwa meno. Kijana mchoraji anaweza kuipamba kwa mchikichi, ziwa na mtumbwi, nayo ikapendeza. Lakini ubora wake mkubwa ni huu: hakuna mstari ndani yake ambao katibu ataogopa kuusoma kwa sauti mbele ya mkaguzi, mbele ya mkutano mkuu, au mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Chama ambacho hakijaweza kuijaza pakiti hiyo, mstari kwa mstari, kisiende kwa mpiga chapa. Kirudi kwanza penye muhogo unaoloweshwa, penye kichanja cha dagaa, na penye mizani.